Kiatu cha Njia, Kiatu cha Kufika

Brashi. Kabla sijafumbua macho nilisikia brashi ikisugua kitu kigumu, kwaru kwaru kwaru, ikinyamaza, maji yakimwagika, kisha ikianza upya. Nililala nikiisikiliza na kujiambia kwamba Mama anafua kola za mashati yangu, maana tangu afike alikuwa akifua kila nilichokivua na vingine ambavyo sikuwa nimevivua. Kisha harufu ya jiki ikapenya chini ya mlango. Hakuna mtu anayetia jiki kwenye mashati ya rangi. Nikaruka kutoka kitandani.

Mama alikuwa amechuchumaa bafuni, kitenge amekifunga kifuani, mikono imezama hadi viwikoni katika beseni la maji yanayofuka mvuke. Ndani ya beseni zilikuwamo raba zetu. Zake na zangu.

"Umeamka?" akasema bila kugeuka. "Niko nazipa usafi. Leo si tunatoka?"

Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho Johannesburg, katikati ya Januari, mwaka wa 2018. Ndege yake ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: tutembee. Sikutaka kumpeleka mahali fulani. Nilitaka tushuke kutoka ghorofa yetu ya saba katikati ya jiji, tupite mitaa ya maduka ya jumla, tupite makanisa yanayoimba ndani ya maghala ya zamani, tuvuke chini ya daraja la barabara kuu hadi Fordsburg, tule, turudi kwa miguu tukiwa tumeshiba.

Lazima nieleze kwa nini jambo dogo namna hii lilinikaa kooni. Mama ni muuza vitenge Bukavu, na nyumbani ni mtu wa maneno machache. Jioni alikuwa akirudi amechoka, akila, akilala. Lakini njiani alikuwa mtu mwingine. Asubuhi, tulipokuwa tukiteremka mlima kwenda sokoni, alisimulia. Nani ameoa, nani amekufa na nani anajifanya amekufa kwa sababu ya madeni, mvua gani iliwahi kubomoa nyumba ipi. Yote ninayojua kuhusu kusimulia niliyapata njiani, nikitembea upande wake wa kushoto, nikikimbia kidogo ili nisiachwe. Sasa nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza katika jiji ambalo yeye hakulijua, na nilitaka kumsikia tena, mara moja tu, akitembea juu ya lami yangu.

Kilichotushinda ni viatu.

Wiki ya kwanza alitoka na viatu vya visigino virefu, vyeusi, vinavyong'aa kama kioo, kwa sababu ndivyo alivyokuja navyo. Hatukufika hata kwenye robot ya tatu, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa. Njia za miguu za katikati ya jiji zina mashimo na vigae vilivyong'oka, na kila hatua chache unakuta mtu amepanga nyanya au chaja za simu chini. Kisigino kiliingia kwenye ufa, akayumba, akashika bega langu, akasema hajambo. Alipovua viatu nyumbani, malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka. Nikampaka dawa huku nikimhubiria habari za raba.

"Basketi?" akasema. Kwetu Bukavu ndilo jina la raba. "Mimi? Basketi ni ya banafunzi na ya balinzi."

"Mama, hapa kila mtu anavaa. Wanasheria wanavaa."

"Basi bavae. Batu ba kanisa bakiniona na basketi batasema nini? Batasema mutoto wake ameshindwa kumununulia viatu."

Nilikasirika siku ile, na nilikasirika zaidi kwa sababu nilijua wazo hilo linatoka wapi. Bukavu ni milima na tope jekundu. Mtu akitoka nyumbani huvaa ndala, na viatu vyake vizuri huvibeba ndani ya mfuko. Akifika chini, karibu na lami, hutafuta maji, huosha miguu, huvaa viatu vizuri, huficha ndala mfukoni, ndipo anaingia mjini kana kwamba ameshuka kutoka mbinguni. Kwa hiyo kwa Mama kuna kiatu cha njia na kuna kiatu cha kufika. Cha njia hakionyeshwi. Mimi nilikuwa namwomba avae kiatu cha njia mbele za watu, mchana kweupe, tena kwa safari ambayo haikuwa na kufika.

"Tunaenda kwa nani?" aliuliza kila nilipolitaja jambo hilo.

"Hatuendi kwa mtu. Tunatembea."

"Ndiyo, nimesikia. Kwa nani?"

Wiki ya pili nilimnunulia raba hata hivyo, nyeupe, soli nene, katika duka dogo la Mhabeshi. Muuzaji alimkalisha kwenye kigoda, akambonyeza ncha ya kidole gumba, akasema, "Sharp, mama, sharp," yaani safi kabisa, naye Mama akamwitikia kwa heshima kubwa kana kwamba amepewa pole ya msiba. Nyumbani akazijaribu. Alivaa gauni lake refu la kitenge lenye mabega ya kuvimba, kilemba cha kitambaa hicho hicho, soksi nene alizozivuta hadi chini ya magoti, kisha raba. Akajitazama kwenye kioo cha kabati kwa muda mrefu.

"Sasa niko golikipa," akasema.

Nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na hapo nikaona upenyo. Nikamwambia tatizo si raba, tatizo ni kilichoko juu yake. Gauni refu hulalia raba na kuifanya ionekane kama imesahauliwa mguuni. Pindo likipanda hadi katikati ya muundi, na soksi ikawa fupi isionekane, kifundo cha mguu hupata hewa, na raba huwa na sababu ya kuwapo. Juu, kitu chepesi kisicho na makeke, kwa sababu kitenge peke yake kinasema ya kutosha. Nilizungumza kwa ari ya mhubiri. Mama alisikiliza huku anachambua mchele.

"Na weye?" akauliza. "Ile suruali yako, kitambaa kilikosa?"

Suruali yangu ya kitani iliishia juu ya kifundo. Ndiyo mtindo wake.

Lakini Ijumaa jioni, bila mimi kusema neno, alitoa sketi ya kitenge kwenye sanduku, akapandisha pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa cherehani. Akaivaa na shati langu la jinzi, la bluu iliyopauka, akakunja mikono hadi kwenye viwiko, akachomeka upande mmoja tu. Kilemba kilikuwa cheupe, kifupi. Soksi hazikuonekana. Akatembea kwenye korido yetu nyembamba, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele, akageuka, akarudi. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akitembea bila kuwaza miguu yake.

"Inakanyaga kama haiko," akasema, akishangaa. Kisha akatazama raba zangu zilizokuwa karibu na mlango, akakunja pua. "Kesho asubuhi, mapema, mbele ya jua kuwa kali. Tutembee huko kwa 'Hakuna Mtu' wako."

Sikulala vizuri kwa furaha.

Na sasa nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa bafu, na furaha yangu inaelea kwenye jiki.

Raba zangu zilikuwa na miaka miwili. Sisi tunaoandika, au tulio karibu na wanaoandika, tuna ulimbukeni wetu: tunapenda raba iliyochakaa, na uchakavu wenyewe tunauchagua kama watu wengine wanavyochagua mkufu. Zangu zilikuwa zimefika pale nilipotaka, weupe uliokubali vumbi la jiji, mkunjo mmoja juu ya vidole, doa la chai, doa la mvua. Ningeweza kuzisoma kama ramani. Mama alizitazama akaona tope, na tope haliingii mjini.

"Mama, maji ya moto?"

"Uchafu wa hapa ni mukubwa. Baridi haiutoi."

"Gundi inayeyuka kwa maji ya moto!"

Akatoa raba yake moja kwenye beseni, akaikung'uta. Soli ikabaki nyuma kidogo, kisha ikafuata kwa uvivu. Tukaitazama wote wawili. Raba mpya, ya wiki moja, iliyokwenda safari moja tu, ya kutoka jikoni hadi mlango wa mbele.

"Ata hizi ulininunulia hazikuwa na nguvu," akasema kwa sauti ndogo.

"Zilikuwa mpya! Za nini kuosha kitu kipya?"

"Sababu zilikanyaga chini dukani. Na zako zilikuwa... Mutoto wangu, siwezi kutembea mu muji na weye nikiwa na safi, weye uko na tope. Batu batasema sikukulea."

Hiyo ndiyo iliyonichoma. Hakuna watu. Nilikuwa nimemwambia mara mia kwamba hapa hakuna mtu anayemtazama mtu miguuni, kwamba mtu akikutazama sana anatazama simu yako. Lakini yeye alikuwa ameamka gizani akachemsha maji, kwa sababu kutembea na mimi kulikuwa jambo la heshima na jambo la heshima huanzia kwenye brashi. Nililiona hilo. Kuliona hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Kuliikoroga tu.

Nikasema basi tuvae ndala, twende hivyo hivyo. Akanitazama kama nimetukana. Nikamwambia avae viatu vyangu vya kazini. Mguu wake haukuingia hata nusu. "Jua iko kali," akasema. "Tungojee. Masaa mbili tu, zitakuwa zimekauka." Akazipanga kwenye ukuta wa kibaraza, ndimi nje, soli yake iliyobanduka ameibana kwa vibanio vya nguo, na akakaa ndani akiwa amevaa kabisa: sketi, shati, kilemba, peku. Nikakaa mbele yake na suruali yangu ya kitani, peku. Tulikuwa kama watu waliofukuzwa msikitini.

Asubuhi ikapita. Nilizigeuza. Nikazijaza magazeti. Nikachukua mashine ya kukaushia nywele nikaipuliza ndani ya raba mpaka plagi ikanuka. Nilingoja angalau Mama asimulie, hata pale kwenye kiti, lakini alikuwa mtu wa nyumbani, akipiga miayo, akiniuliza kama nina njaa. Nikamchokoza: yule jirani aliyejifanya amekufa, alikuja kulipa? "Ah," akasema, "hiyo ni ya zamani." Njiani ingekuwa hadithi ya mitaa minne.

Saa nane mchana raba zilikuwa bado zinalowesha magazeti. Zangu, badala ya kurudi nyeupe, zilikuwa zimegeuka manjano, jiki na jua vimezipika, na ule mkunjo wa juu ya vidole umekauka ukawa mgumu kama kadibodi. Nikaingiza mguu hivyo hivyo. Maji yakatoka pembeni, nikairudisha juani. Nikasema twende, mimi nitakwenda nazo hivi, wewe vaa visigino, tutatembea polepole, mtaa mmoja tu.

"Pamoja na hii malengelenge haijapona?"

"Mtaa mmoja, Mama."

Akafikiri. Nadhani angekubali. Lakini ni majira ya joto Johannesburg, na hapa mbingu ina mazoea yake: asubuhi ya kioo, kisha mchana wingu moja nyuma ya majengo, kisha yote. Radi ikapasuka juu ya paa. Mvua ikaja kwa mawe. Raba zote nne zilikuwa bado kibarazani. Nilipozikimbilia, mbili zilikuwa zimejaa barafu.

Ilipokatika, kina mama wawili wa kanisa la watu wa kwetu, alikosali tangu afike, walikuwa tayari wanapiga honi chini. Walikuwa wamemwandalia maombi ya kumuaga, angelala kwao, na asubuhi tungekutana uwanja wa ndege. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilidhani tu kwamba mchana ungekuwa mrefu zaidi.

Mama akavua sketi ile, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda changu, si ndani ya sanduku. Akavaa gauni lake la mabega ya kuvimba. Lifti ilikuwa imekufa tangu Krismasi, kwa hiyo alifanya alivyofanya maisha yake yote: akavaa ndala zangu za bafuni, akatia viatu vyeusi vya visigino kwenye mfuko wa nailoni, ili avivae chini, mlangoni mwa gari, mbele ya watu. Sanduku lilikuwa limeshateremshwa na mlinzi wa jengo.

Akasimama mlangoni. "Haunisindikize? Kina mama banangoja."

Ngazi za ghorofa saba, mteremko mrefu kama ule wa kwenda sokoni. Nilimtazama miguuni, ndala zangu, vidole vyenye plasta, na wiki tatu nzima zikanipanda kichwani.

"Sina viatu," nikasema, ingawa vya kazini vilikuwapo.

"Na miguu je?"

Honi ikalia tena. Akangoja kidogo, akapandisha mfuko begani, na mlango ukajifunga nyuma yake.