Nauli ya Chombo Kikubwa

Zamani zile, nilipokuwa kijana niliyekwisha kuolewa na kuachwa, hapa Bagamoyo hapakuwa na mwanamke wa kunishinda kwa kuvutana bei. Nilikuwa nikipika vitumbua na kuwauzia wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu, na mpagazi aliyetembea miezi mitatu ana mkono mzito kuliko mzigo wake. Ukiweza kumtoa pesa naye akaenda zake anacheka, utadhani huna tena cha kujifunza duniani. Mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa mpumbavu mwenye kipaji.

Nilikaa mtaa wa Dunda na mama yangu, ambaye nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu tangu alipoteleza kisimani. Alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa, aliyeolewa Unguja na mtu wa karafuu, akaishi katika nyumba ya mawe yenye ghorofa. Wawili hao walikuwa hawasemezani kwa miaka saba. Bibi yetu, mama yao, alipofariki, mama mkubwa alipelekewa habari, akapanda chombo saa ile ile, upepo ukamkatalia. Mama hakumngoja. Maiti haingojeshwi, alisema, wakazika. Mama mkubwa alifika watu wanakula wali wa matanga. Alisimama mlangoni, akasema, "Hukuningoja," akageuka na buibui lake akarudi pwani.

Basi mwaka ule, mfungo mosi ulipoingia baada ya Ramadhani, zikatufikia salamu kwamba mama mkubwa anakwenda kuhiji. Merikebu ya moshi ya mahujaji ingeondoka Unguja Alhamisi asubuhi. Kwetu anayekwenda Makka hutaka radhi kwa kila mtu, ndugu na jirani, hata muuza maji, maana hajui kama atarudi, wala hataki kusimama kule na kinyongo cha mtu. Mama alizisikia salamu zile Jumatatu. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akawakaripia kuku. Jumanne jioni akaniambia, bila kunitazama, "Kesho nitafutie chombo. Siwezi kumwacha aende hivi."

Nilifurahi, kwa sababu nilimpenda mama mkubwa, na kwa sababu nilipewa kazi niliyoiweza.

Pwani yetu ina kina kifupi. Maji yakijaa, vyombo vinaelea karibu na watu wanabebwa mabegani hadi ubavuni mwa chombo. Yakitoka, yanakwenda mbali kweli, na chombo kilichozubaa hulala upande katika matope hadi maji yarudi. Jambo hilo hata mtoto wa kunyonya analijua. Jumatano maji yalikuwa yamejaa tangu mapema, na vyombo viwili vilikuwa tayari kuvuka.

Nilimketisha mama juu ya kigoda chini ya banda la kutengenezea ngalawa, nikaenda kuuliza.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kisafi, kimetandikwa mikeka nyuma na kufunikwa chandarua cheupe cha kukinga jua. Watu walisema nauli yake ni mara mbili ya vingine. Nahodha wake alikuwa mtu wa asili ya Oman, ndevu zimechanwa vizuri, mpole wa maneno.

"Sabalkheri, nahodha. Nauli ya wanawake wawili kiasi gani?"

"Sabalkheri, bibi. Wewe si binti wa yule mama wa Dunda, mwenye nyonga?"

"Ndiye. Nauli kiasi gani?"

Akatazama chini. "Pandeni tu, bibi. Kila kitu kimo."

"Kimo kwa kiasi gani?"

"Bei si neno. Mlete mama apande."

Niwaambie jinsi nilivyosikia maneno yale. Nilikwisha kusafiri siku moja na nahodha aliyeniambia panda tu, na katikati ya bahari, pasipo pa kushukia, akanitajia bei ya kununulia mbuzi. Tena mimi ni mwanamke niliyeachwa, na mwanamume akimwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba bei si neno, mji wote unajua neno ni lipi. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Mimi nalipa ninachotajiwa," nikampa mgongo. Aliniita mara moja, kwa sauti ndogo. Sikugeuka.

Chombo cha pili kilikuwa kidogo, kimepakwa mafuta ya papa yaliyonuka hadi kwenye mchanga. Nahodha wake alinilaki huku anacheka. Nauli yake? Nusu ya kile! Moyo wangu ukatulia. Huyu sasa alikuwa mtu wa lugha yangu.

"Na maji ya kunywa?" nikauliza, maana mimi si mtoto.

"Maji bei mbali, dada. Mtungi haujijazi wenyewe."

Na kivuli bei mbali. Na mkeka. Na moto, kama mnataka kupasha chakula. Kisha zikaja ada. Baharia wa kukuvuta kutoka begani kwa hamali kukuingiza chomboni ana kipa mkono chake. Wa kukumwagia maji ya kuondoa tope ana kiosha miguu. Na mwenyewe nahodha ana kifungua mlango, katika chombo ambacho mlango wake sikuuona.

"Nahodha," nikamwambia, "nasafiri au naolewa?"

Mabaharia wakacheka hadi mmoja akaangusha kamba. Nahodha naye akacheka, wala hakupunguza kitu. Hapo nikapandwa na raha ninayoijua. Nikaanza na maji: tutachukua yetu katika kibuyu. Akakubali. Mkeka: tunao. Akakubali kwa shida. Kivuli tulikivutania sana, yeye anataka kwa kichwa na mimi nataka kwa kipande cha kivuli, kwa kuwa chandarua chake kilikuwa na matundu na sikuona sababu ya kulipia jua. Watu walikusanyika. Mimi mbele ya watu huzidi.

Nilirudi bandani mara moja kumpasha mama habari.

"Mwanangu, twende na kile kikubwa," akasema.

"Mama, subiri. Amebakiza kiosha miguu tu."

"Maji yanakwenda."

"Nayaona, mama."

Niliyaona kweli, sikusema uongo. Lakini nilirudi kwa nahodha, tukashikana kwa kiosha miguu. Nilimwambia mama yangu ana mguu mmoja mbovu, hivyo ataoshwa mmoja tu na atalipa nusu. Umati uliangua kicheko, nahodha akapiga magoti akasema, "Nimeshindwa, dada, nimeshindwa." Nilijisikia kama nimevishwa taji.

Nilipogeuka kumwita hamali, chombo kikubwa kilikuwa kimekwisha kutweka tanga. Yule nahodha alikuwa amesimama nyuma anatazama upande wetu. Na chombo changu, chenye bei yangu nzuri, kilikuwa kimekaa juu ya tope, kimeinama kidogo.

"Kesho, dada," nahodha akasema, sasa bila kucheka sana. "Maji ya asubuhi. Usiku sivuki."

Nilimrudisha mama nyumbani. Hakunigombeza, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Nilimwambia merikebu za moshi haziondoki siku zilizotajwa, kwamba kuna makaa ya kupakia, na daktari, na makaratasi. Mambo hayo nilikuwa nayatunga pale pale.

Alhamisi tulivuka. Kwanza tukaambaa pwani hadi Mbegani, kwa kuwa nahodha alikuwa ameahidi kumpakia mtu na mbuzi wake sita, habari ambayo haikuwa miongoni mwa tulizopatana. Mbuzi hawakutozwa kipa mkono. Mama alikalishwa juu ya magunia ya sandarusi, mabonge ya utomvu wa miti magumu kama kokoto, na nyonga yake ile. Nikaomba takia. Takia lilikuwepo, moja, nahodha alikuwa amelikalia. Kivuli tulichokipigania kilihama kila tanga lilipogeuzwa, kikatua kwa mbuzi. Mama alishika utepe wa mtandio wake akawa anaufunga fundo na kulifungua, njia nzima, midomo ikitembea kwa dua. Kila alipotikiswa juu ya yale magunia maumivu niliyasikia mimi.

Tuliingia Unguja alasiri. Sikuhitaji kuuliza. Bandarini palikuwa na ule upweke wa mahali palipojaa watu asubuhi, maganda ya miwa na machungwa kila mahali, na wanawake wawili watatu wenye macho mekundu wakirudi makwao polepole.

Nyumbani kwa mama mkubwa tulipokewa na mwanamke mtu mzima aliyemtunzia nyumba miaka mingi. Alipomwona mama akashika mdomo.

"Bi mdogo! Umekuja?"

"Amekwisha kuondoka?" mama akauliza.

"Asubuhi. Ee Mola wangu. Ungekuja jana!" Akatuketisha, akaanza kulia, na huku analia akatusimulia. Jumatano mama mkubwa hakushuka ghorofani tangu adhuhuri. Alikaa dirishani akiangalia bahari. Alipokiona kile chombo kikubwa kinaingia akavaa kanga mpya, akaamuru udi uwashwe. Kisha nahodha akaja peke yake, na nauli mkononi.

"Nauli gani?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Yenu. Bibi alikwisha kumlipa, ya kuja na ya kila kitu. Akamwapisha asiseme nani kalipa, maana alisema, mdogo wangu akijua ni mimi, hatapanda. Nahodha akasema, binti alikuja akaniuliza, kisha akanipa mgongo. Bibi akaamuru udi uzimwe. Halafu akasema, 'Basi hataki.' Pesa akakataa kuzipokea. 'Zikae kwako,' alimwambia. 'Siku moyo wake ukilainika, mlete.'"

Mama aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Yule nahodha wa chombo kikubwa, ulimwuliza bei?"

"Nilimwuliza, mama."

"Akasemaje?"

"Akasema kila kitu kimo, tupande tu."

"Nawe ukasemaje?"

Nilitazama mkeka.

Mama akasema, kama anayesema na mwenzake aliyekaa karibu, "Amenijua vizuri. Ningejua ni yeye, nisingepanda." Kisha akaomba aonyeshwe dirisha alilokaa dada yake, akapanda ngazi kwa nyonga yake ile, ngazi moja moja, akakaa pale hadi magharibi ilipoadhiniwa.

Tulimwandikisha mwalimu barua, tukampa haji mmoja aliyekuwa akingoja merikebu ya mwisho. Ilikuwa fupi. Mama alitaka iandikwe kwamba alikuja, na kwamba alichelewa, na basi. Nilimwomba mwalimu aongeze kwamba kosa ni la binti, mama akakataa. Mama mkubwa hakurudi. Alizikwa kule kule, na haji yule alipofika tena kwetu, alisema barua alimpa mtu wa msafara wa mama mkubwa, na mtu huyo hakuonana naye tena. Mpaka leo sijui kama alisomewa.

Lakini hayo tuliyajua baadaye. Jumamosi ile nahodha mwenye ndevu zilizochanwa alikuja hadi mlangoni, akasimama nje kwa adabu.

"Bibi, nauli yenu ningali nayo," alimwambia mama. "Niliagizwa niwalete, nanyi mmejileta. Niwarudishe?"

"Turudishe," mama akasema.

Sijapata kusafiri vile, kabla wala baada. Hamali alimbeba mama kama anabeba yai, wala hakuna aliyenyoosha kiganja. Kulikuwa na pazia la kutukinga na macho ya watu, na kivuli kisichohama. Upande wa kulia wa mkeka, si wa kushoto, palikuwa pamewekwa godoro dogo na matakia mawili juu yake, na nahodha akamwelekeza mama hapo bila kuuliza anaumwa wapi. Maji yalikuwa baridi, yamefukizwa udi. Nilijaribu kuona ni wapi tutakapodaiwa, kwa mazoea tu, sikupaona.

Tulipotoka bandarini baharia akaleta kahawa. Harufu ya tangawizi ilitufikia kabla yake, kali, zaidi ya watu wanavyopenda. Mama alikipokea kikombe, akanusa, akafumba macho. Alikuwa akiipenda hivyo tangu usichana, na nyumbani tulimcheka kwa hilo. Nahodha akasema kwa sauti yake ndogo, "Tuliagizwa, bibi. Kijiko kilichojaa."

Nami nilitiliwa changu. Nikakiacha chini, nikakitazama kinavyotikisika. Nilijua kila kitu kilichokuwa mle, takia, pazia, maji, kilichaguliwa na mtu aliyekaa ghorofani akimfikiria mdogo wake kiungo kwa kiungo, na mimi nilikigeuzia mgongo kwa ajili ya nusu ya kiosha miguu. Nikalia, bila aibu, mbele ya mabaharia.

Mama alinyoosha mkono, akakiinua kikombe changu, akanitia mkononi.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Imekwisha kulipiwa."