Gari Langu la Silinda Sita

Gari langu nimelinunua kwa mayai. Nasema hivyo kila ninapoulizwa na sichoki, maana wapo wanaodhani mwanamke wa Visiga akionekana nyuma ya usukani wa gari la juu, jeusi, lenye viti vya ngozi, basi lazima pana mwanaume aliyelilipia. Hapana. Limelipiwa na kuku, banda baada ya banda, miaka ya kuamka kabla ya adhana na kunuka mbolea hata kwenye kitenge cha harusi. Siku lilipotoka bandarini, mtumba wa Japani uliong'aa kama mpya, nililizunguka lote kabla sijaligusa, kisha nikalia.

Ubaya wake ni mmoja: lina silinda sita. Mafundi wakisikia hivyo hucheka. "Mama, hilo halinusi mafuta, hilo linakunywa." Plagi zake ni sita badala ya nne, oili yake si ya kuokoteza, na bei ya tairi zake ukiitajiwa unaomba kiti. Nayajua yote hayo na nayalipa. Ukipenda boga, penda na ua lake. Nisichokipenda ni ile tabia ya wenye magari makubwa wa huku kwetu, wanaoingia sheli na gari la kifahari wakaweka mafuta ya elfu kumi, taa ya mafuta inawaka wiki nzima mpaka pampu inaungua. Vijana wa sheli wamewazoea. Hawaulizi kama unajaza, wanauliza tu, "Ya ngapi?"

Mume wangu ni mwalimu mstaafu, na ana kigari chake cheupe anachokipenda kwa sababu hakimdai kitu. Tangu langu lilipoingia getini amekuwa akilitazama kama mgeni aliyekuja na njaa. "Mama watoto, liuze hili," ananiambia. "Tutapata dogo zuri, na chenji itabaki." Nikinyamaza anarudia, nikijibu tunagombana. Mwishowe akaja na mtihani, kama mwalimu. Siku tuliyopanga kwenda kumwona mama yangu Kisarawe, aliweka mafuta kwa kipimo chake mwenyewe, akasema tukirudi nyumbani taa haijawaka, hatalisema tena gari langu. Ikiwaka njiani, naliuza. Hasira zangu ziko karibu. Nilijibu "nimekubali" kabla hajamaliza.

Kwenda, niliendesha kwa ustadi ambao hata mimi ulinishangaza. Nilikuwa nimeshusha magunia ya chakula cha kuku na trei zote za mayai, nimejaza upepo tairi, na kiyoyozi nimekizima. Mguu niliuweka juu ya pedali kama mtu anayekanyaga kifaranga. Sikumfukuza mtu wala sikumpita mtu. Malori ya mchanga yalinipita, bodaboda zikanipita, na kwenye njia ya Kiluvya nikapitwa na kigari kama cha mume wangu, naye pembeni yangu akakohoa. Niliacha akohoe. Tulipopanda vilima vya Kisarawe mshale wa mafuta ulikuwa umekaa pazuri, na mume wangu alianza kutazama miti nje.

Mama yangu alitupokea akiwa amejifunga kanga mbili mpya. "Shikamoo, mama," mume wangu akasema, akiinama. "Marahaba, baba. Karibuni." Alikuwa hajaliona gari. Magoti yamemzuia kuja kwetu muda mrefu. Alilipapasa boneti kwa kiganja kizima, akauliza, "Ndiyo mayai haya?" Nikasema ndiyo. Akamwita jirani, na jirani akamwita mwenzake.

Kosa langu nililigundua wakati wa kuondoka. Nilipiga hesabu zote nikasahau kwamba kwa mama yangu mtu haondoki mikono mitupu. Kwanza likaja gunia la mihogo. Zikaja nazi, yakaja mafenesi mawili makubwa, na mkungu wa ndizi. Buti likalala chini. Kukataa hakukuwepo, labda niwe nimezaliwa kwingine. Mume wangu alikuwa akibeba mwenyewe, na nadhani alikuwa na furaha yake ya kimyakimya. Kisha mama akatoka na kifurushi cha nguo. "Nakuja kukaa kwenu siku mbili tatu. Nipandisheni."

Kwetu mama mkwe hakai nyuma mkwe akakaa mbele. Mume wangu akahamia nyuma, fenesi moja likapanda naye kwa sababu buti lilikuwa limejaa. Tulipofika lami mama akajipepea. "Mwanangu, watu wanasema humu mna baridi. Mbona miye siioni?" Nilimwangalia mume wangu kwenye kioo. Mbele ya mkwe wake mwanaume hawezi kufungua mdomo juu ya gharama ya ubaridi. Aliinamia fenesi. Nikawasha kiyoyozi, nikakipandisha, na mama akafumba macho akisema, "Haa!"

Taa iliwaka Mkuza. Ndogo, ya njano, lakini niliiona kama moto. Roho iliniuma kweli. Niliona banda baada ya banda likiondoka na mtu mwingine. Ningeweza kunyamaza, maana mafuta ya kufika Visiga yalitosha. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. "Baba watoto," nikasema, "taa imewaka."

Mama ndiye aliyefumbua macho. "Taa ya nini?"

"Mafuta, mama. Gari hili linakula."

"Linakula?" Akageuka kulitazama buti, mihogo, nazi, mkwe wake na fenesi lake. "Miye nilipokuwa nabeba mkaa kichwani kwenda kuuza Pugu, ili wewe usome, marehemu baba yako alinuna kwamba namaliza kiporo chote asubuhi. Nikamwambia, anayebeba lazima ale. Mbona aliyekaa hamumpimii chakula?"

Mimi hadithi ya mkaa naijua. Ya kiporo sikuwa nimeisikia. Nikapunguza mwendo, nikashika usukani kwa mikono miwili. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayemwomba dereva wa watu, "Ingia hapo sheli."

Niliingia. Kijana wa pampu alilitazama gari, akainamia dirisha la nyuma kwa mwanaume, kama kawaida yao. "Shikamoo, mzee. Ya ngapi?"

Mume wangu alisukuma fenesi pembeni, akashuka, akanyoosha shati, akatoa pochi yake mwenyewe.

"Jaza," akasema.

Kijana akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri.

"Nimesema jaza. Hili gari la mke wangu linabeba watu."