Barua Zilizobaki Ghalani

Karani wa kiwanda cha sabuni, waliyemwita Kisiki, alikuwa mfupi hata akikaa kitini miguu ilining'inia. Lakini kumsogeza kwenye jambo aliloliamini! Afadhali upandishe ng'ombe ngazi. Kompyuta yake nayo ilikuwa nzito kuamka: uiwashe mtoto akiwa ananyonya, ifunguke ameota meno.

Programu ya barua pepe iliyokuwa humo ilifanya kazi ya tarishi. Barua zilifikia kwenye seva, yaani ghala la mbali huko, tarishi akaenda kuzileta. Kwa tabia yake ya kuzaliwa, tarishi huyo akichukua amezoa, haachi hata vumbi. Ila kwenye skrini palikuwa na kijisanduku cha kutia alama, ili alete nakala na barua yenyewe aiache ghalani. Kisiki akakitia alama. Meneja, ambaye tumbo lake liliingia ofisini dakika tano kabla yake, akaiondoa, akisema ghala litajaa. Kisiki hakubisha. Akafuta matangazo ya biashara kupata nafasi, na meneja alipompa kisogo akairudisha alama kabla tarishi hajatumwa tena. Mwaka mzima yule bwana alidhani ameshinda.

Kisha bomba la mvuke likapasuka, likamchoma mkono fundi mitambo, baba wa watoto watano. Meneja akadai hakuwahi kuambiwa kwamba bomba limeoza. Uzembe ni wa fundi, na afukuzwe. Kumbe fundi alisema mara tatu, na kila mara Kisiki ndiye aliyechapa onyo na kumtumia meneja. Siku mbili kabla ya kikao cha bodi, kompyuta ikachukuliwa eti kwa matengenezo. Ikarudi tupu kama sahani iliyolambwa na paka.

Fundi akaja, mkono umefungwa bendeji. "Dada, acha tu. Mwenye nguvu mpishe. Utakosa kazi na wewe."

"Mpishe wewe, kaka. Mimi sina pa kusogea."

Kikaoni Kisiki akaomba kompyuta ya mwenyekiti, mama wa miwani na maneno machache. Meneja akacheka, akasema masikini huyu anatafuta barua zilizokwishafutwa. Kisiki akaandika anwani na neno la siri kwa kidole kimoja, polepole kama anayechambua mchele. Ghala likafunguka. Jibu la meneja lilikuwa pale, na tarehe yake: bomba lingoje, fundi aache woga. Chini yake, onyo lote lililomfikia.

Jasho lililomtoka meneja lingetosha kuchemshia sabuni ya wiki nzima.

"Nilikukataza kuacha barua ghalani," akasema.

"Ulinikataza, mzee, nikakataa. Sasa waeleze hawa kwa nini ulikataza."

Mwenyekiti akasema fundi anabaki na kazi yake na atatibiwa, kisha akamtaka Kisiki aifunge kompyuta, wameshaelewa. Kisiki hakuifunga. Akasema kuelewa kwao kutatoka nao mlangoni. Yeye hapo haondoki mpaka jibu lile lichapwe karatasini, moja ya bodi, moja ya fundi mkononi.

Mwenyekiti akavua miwani. Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari fupi, kisha akamgeukia meneja.

"Kawashe printa," akamwambia.