Kete za Kwenda Bukene

Likizo ni mambo ya watu wa serikali na watu wa reli. Mimi sikuajiriwa na mtu tangu nilipoacha kupasua mbao kule Usinge, kwa hiyo likizo yangu nilijipa mwenyewe, wala sikumwomba mtu ruhusa. Nasema hivi ili asiyejua ajue. Darasa la pili niliacha katikati, lakini meza ya bwana mkubwa wa boma la Tabora ilitoka mikononi mwangu, na wenye vyeti vyao walikuwa wanakuja karakanani kwangu kuomba, si kuamuru.

Mwaka ule, mvua zilipokwisha na mahindi yakawa ghalani, nikasema tutakwenda Bukene kwa dada yake mke wangu. Mimi, mke wangu na binti yetu. Watatu. Kabla ya masika tulikuwa wanne. Homa ilimchukua mmoja wa mapacha wetu, wasichana wote wawili, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya.

Kwetu pacha haliliwi. Mama yangu alikuja kutoka Kwihara, akasimama mlangoni, akawaambia wanawake wa jirani kwamba atakayetoa sauti atamwita na yule aliyebaki. Basi hatukulia. Tulizika kimya, tukanawa, na kesho yake nikaenda kupiga randa. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu wala laini. Mkono ulikuwa unakwenda, na mimi nauangalia.

Mama alikuwa ameleta kibuyu kidogo, shingo nyembamba, kimepakwa mafuta na kufungwa kitambaa kiunoni kama mtoto. Akamkabidhi binti yetu. Akasema huyu ndiye mwenzako, utalala naye, na tonge la kwanza ni lake. Ndivyo alivyokuta kwa wazee wake: pacha akiachwa peke yake humfuata mwenzake, basi hupewa mwingine wa kukaa naye. Mke wangu amelelewa na misheni ya Wamoraviani. Alikitazama kile kibuyu kama mtu anavyotazama nyoka juani, lakini mkwe hapingwi mbele za watu. Mama akarudi zake Kwihara, kibuyu kikabaki.

Tangu siku hiyo binti hakucheza na mtu. Chakula alikuwa anaonja tu, mpaka mifupa ya mabega ikaanza kujitokeza chini ya gauni. Mke wangu alisema uani kwa dada yake watoto wamejaa, huenda akacheza nao, na mtoto akicheza atakula. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Likizo ilikuwa jina tu.

Kazi ya kuchagua michezo niliichukua mimi, na niliifanya kama ninavyochagua mbao. Sanduku lilikuwa moja, na daraja la tatu watu hubanana, kwa hiyo mchezo wa kuchukua ulikuwa lazima uenee mapajani. Nikaipanga yote juu ya meza ya kazi. Karata zinaingia hata mfukoni, lakini upepo wa dirishani ungezipeperusha, tena shemeji yangu wa Bukene, mume wa huyo dada, ni mzee wa kanisa na karata kwake ni kamari. Dama nilikuwa nayo, ya vizibo vya soda, lakini garimoshi likitikisika vizibo vyote huhamia upande mmoja. Keram ya dukani kwa Wahindi ni pana kama mlango. Kamba ya kuruka nikaitia sandukuni, hiyo ni ya kule uani. Vijiwe vya mdako nikaviacha. Bukene kwenyewe kumejaa vijiwe.

Likabaki bao, ambalo kwetu tunaliita isolo. Marehemu baba yangu alibeba pembe mpaka pwani, na alikuwa akisema mpagazi habebi bao, anabeba kete tu. Akifika kambini anachimba vishimo, anacheza, asubuhi anayaacha mashimo yake hapo hapo kwa wa nyuma. Maneno mazuri, lakini ndani ya behewa utachimba wapi? Ndipo nikalitengeneza langu. Nilichukua mninga uliokauka sawasawa, nikaukata vipande viwili, nikavifunga kwa bawaba za shaba ili lijikunje kama kitabu. Vishimo nilivichimba virefu, kete zisiruke njia ikiwa mbaya. Kete ni komwe, nikazitia kwenye kopo la sigara. Tangu Ujiji mpaka Bagamoyo hapakuwa na bao kama lile, na fundi anayebisha aje na lake.

Nikampelekea binti. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Atakaa wapi?" akauliza.

Nikamwuliza nani, ingawa nilijua. Akaninyoshea kibuyu. Nikamwambia sandukuni hakuna nafasi. Mimi, mtu niliyeingiza kabati la bwana shauri kwenye mlango ambao mafundi wawili walitaka kuubomoa, nilisema hakuna nafasi ya kibuyu cha kukamatwa kwa mkono mmoja. Nilikuwa namfikiria yule mzee wa kanisa. Nilikuwa nawasikia watu wa Bukene wakisema fundi mkubwa wa Tabora anatembea na mtoto wa kibuyu. Binti hakulia. Alikuwa amefundishwa vizuri. Aliliweka bao juu ya maranda, akatoka.

Asubuhi ya safari nilimkuta mke wangu amechuchumaa uani mbele ya sanduku. Ameshika kopo la kete, na katikati ya magoti amekibana kibuyu. Alikuwa anaziingiza kete shingoni mwake moja moja. Zilipokwisha, akaziba mdomo kwa kipande cha gunzi.

"Baba mapacha, kete zinataka chombo," akasema.

Nikamwambia kopo lipo.

"Kopo lina kutu."

Halikuwa na kutu. Nilikuwa nimelisugua kwa msasa mimi mwenyewe.

"Na shemeji yako akiuliza," akaendelea, bila kuinua uso, "hiki ni kibuyu cha kete. Au yeye amewahi kuona watu wakicheza bila kete?"

Tangu masika watu walikuwa hawajui waniiteje. Majirani walikuwa wanaanza, baba ma, halafu wanameza, wananiita fundi. Mke wangu naye hakuwa amelitamka jina hilo mpaka asubuhi ile. Nilisimama nikingoja nisikie kitu ndani yangu. Sikusikia kitu. Nikafunga sanduku, nikalitia kamba.

Garimoshi lilipouacha mji nikalifungua bao na kuliweka baina yetu. Binti akamimina kete, akazipanga pande zote mbili, kisha akakiegemeza kibuyu kwenye paja la mama yake, upande wa pili. Akacheza zamu yake. Akainama, akacheza na ya kibuyu. Pembeni yetu alikaa bibi mmoja wa upande wa Nzega, ana tenga la kuku miguuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye bao.

"Nani anacheza na nani hapa?" akauliza.

"Mimi na pacha wangu," binti akajibu.

Nikangoja kicheko. Yule bibi alilisukuma tenga lake kwa mguu.

"Basi sogeeni akae vizuri," akasema. "Njia hii ina mashimo, asije akaanguka."

Hapo binti akanigeukia. "Baba, mchezee."

Nikwambie, mimi katika bao sina huruma. Nimewafunga watu wazima na ndevu zao, nimewafunga mafundi wangu wote, na kumwachia mtu sijui. Nikashika kete za kibuyu. Kwa mkono wangu wa pili tu nilikuwa nimemla upande mzima. Binti akaweka kiganja chake juu ya bao.

"Yeye hachezi hivyo."

"Anachezaje?"

"Anaanzia huku pembeni. Halafu anasahau kile chenye kete nyingi. Kila siku anasahau."

Sikulijua hilo. Wale wawili walikuwa na vishimo vyao nyuma ya karakana, walivichimba wenyewe kwa kijiti, na mimi nilivivuka kila siku na mbao begani nikihimiza wanipishe. Nilijua bei ya mninga na ya mkurungu. Mtoto wangu alikuwa anaanzia pembeni.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akanionyesha. Nikaanzia pembeni, nikapita, nikakisahau kile kishimo chenye kete nyingi, naye akaziokota zote akazipeleka kwake. Yule bibi akapiga kofi gotini.

"Mwanaume mzima na mwili wote huo! Unamfungisha mtoto wa watu bao. Ukifika huko uendako utasemaje?"

Binti akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, pumzi tu ya puani. Tukacheza tena, nikasahau tena pale pale. Kisha akauliza kama kuna kitu cha kula. Mke wangu akafungua kitambaa, akampa kiazi kitamu cha kuchemsha. Akakikata vipande viwili, kimoja akakiweka mbele ya kibuyu, akala chake mpaka ganda. Alipomaliza akakitazama kibuyu kidogo, akachukua na kile kipande kingine, akala.

Mke wangu akageuza uso dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama yangu angekuwepo angemkemea, na yule bibi wa kuku nadhani alijua desturi kuliko mimi, kwa maana aliinama akaanza kuwasemesha kuku wake kwa Kinyamwezi, kwa sauti, ili pale pawe na sauti nyingine. Mimi sikumwambia mke wangu anyamaze. Sikulia pia. Nilitaka, nikaangalia, hapakuwa na kitu cha kutoka.

"Zamu yake," binti akasema, mdomo umejaa.

Nikazishika kete. Nikaanzia pembeni.