Nguzo ya intaneti na panga la Mzee Shomari

Fundi wa intaneti hatapoteza kidole, daktari ameniambia jioni hii.

Asubuhi fundi huyo alikuja kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, kuniunganishia laini niliyoagiza. Akachimba shimo la nguzo karibu na mpaka wa jirani yangu, Mzee Shomari.

Mzee akatoka na panga.

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Bikoni yangu ya mpaka unaipeleka wapi?"
"Hii nguzo ya intaneti tu."
"Aliyenimegea kiwanja mwanzo naye alisema nguzo ni ya umeme tu."

Akashusha panga. Fundi akakinga kwa mkono.

Sasa mzee yuko mahabusu.

Nimerudi kulipima shimo. Liko upande wa mzee, hatua nzima.

Kesho asubuhi mwenyekiti wa mtaa anakuja na polisi kupima mpaka. Ninyi mngewaambia nini?