Dawa ya Viatu kwenye Boneti

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo hunichosha kuisimulia. Lakini nitaisimulia, mwanangu, kwa sababu nimesikia umenunua mashine ya kupigia polishi magari. Keti. Miguu yangu haiwezi tena mazungumzo ya kusimama.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowachanganya watu akili. Nilitoka mashimoni Kewanja mikono mitupu, kifua kimejaa vumbi. Kule shimoni nilijifunza tabia moja mbaya, ya kungoja bahati ya siku moja, hata nikaona kazi ya polepole ni ya wajinga. Nikaja nayo tabia hiyo Tarime mjini, kwa Fundi Salum, mpiga rangi wa magari, mtu mpole ambaye baba yake alitokea Tanga.

Mtu akiuza dhahabu alinunua gari, na vumbi la barabara akalifuta kavukavu kwa gunia. Haupiti mwezi, jua likipiga boneti unaona mikwaruzo midogo inayozunguka kama utando wa buibui. Kuiondoa ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Fundi alikuwa na mashine mbili. Kubwa haikusamehe, ukiituliza mahali pamoja, inachoma rangi. Ndogo ilikuwa ya wanaojifunza. Sponji yake ilizunguka huku ikitikisika, na ukiikandamiza sana inasimama yenyewe. Miezi minne nilitumia hiyo ndogo, na niliona aibu, kama mwanamume aliyepewa jembe la mtoto.

Alhamisi moja Mzee Marwa alituletea gari lake jeusi. Binti yake, Ghati, alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari hilo ndilo lingempeleka kanisani. Siku hiyo Fundi alikuwa anakwenda Sirari kutafuta polishi.

"Osha kwanza, vumbi lote liishe," aliniambia. "Tumia ndogo. Kwenye kingo usikae, rangi ya pale ni nyembamba. Ukichoka pumzika, gari halikimbii."

"Sawa, Fundi."

Alipoondoka tu, nikachukua kubwa.

Sitakudanganya, mwanzo ulikuwa mtamu. Mlango uling'aa mpaka nikaona meno yangu. Wapita njia walisimama kutazama, nami nikaongeza mbwembwe. Nilipofika ukingo wa boneti nikakandamiza. Ni harufu ya kuungua iliyonishtua. Nilipoinua mashine, weusi ulikuwa umekwisha, na rangi ya kijivu ya chini imetokeza, upana wa kiganja.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tungepaka upya, Ijumaa rangi ingekauka. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni. Lakini nilikwenda kwa mshona viatu wa jirani, nikaomba dawa nyeusi ya viatu, nikapaka, nikasugua mpaka pakalingana. Fundi aliporudi jioni, macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa umri. Alilizunguka gari, akasema, "Umefanya kazi." Nikaitikia asante.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Ibada ilipokwisha, Ghati aliegemea boneti apigwe picha na mumewe. Aliposogea, gauni jeupe lilikuwa na doa jeusi nyongani, limeburuzika kama alama ya mkono. Shangazi za bwana harusi wakaanza kunong'ona kuwa ni mkosi. Wengine wakataka bibi harusi arudishwe kwao mpaka wazee wakae. Ngoma zikanyamaza.

Mzee Marwa aliliendesha gari mwenyewe mpaka kwetu, katika suti yake ya harusi.

"Fundi, nilikukosea nini mimi?"

Fundi Salum aliinama, akagusa boneti kwa kidole, akanusa. Akanitazama mara moja tu.

"Limeharibikia mikononi mwangu, Mzee Marwa," akasema. "Nisamehe."

Jina langu hakulitaja. Ungedhani nilipata nafuu. Hapana, mwanangu. Nikasema, "Ni mimi." Mzee Marwa akafungua mlango wa gari. "Basi njoo uwaambie wao."

Uwanjani pa kanisa niliwaamkia, "Shikamooni." Hakuna aliyeitikia. Nikasema si mkosi, ni dawa ya viatu, nimeipaka mimi kuficha kosa langu. Shangazi mmoja alilinusa gauni, akawageukia wenzake, akatikisa kichwa kwamba si mkosi. Polepole watu wakarudi kwenye viti vyao.

Ghati alikuwa amejifunga kanga juu ya doa, macho yamevimba.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa lugha ya huko, "ungesema Alhamisi ningekuja kwa miguu, na nisingelia siku yangu."

Harusi iliendelea. Lakini Mzee Marwa hakuleta tena gari kwetu, wala hakunisemesha mpaka alipofariki. Nilipomwomba Fundi radhi, alikuwa anakunja waya wa mashine. "Rangi nitaipaka tena," alisema. "Watu wale wamenijua miaka ishirini. Wao nitawapaka nini?" Alisema kwa uchovu, bila hasira, na uchovu ule sasa ninao mimi.

Basi sikia, mwanangu. Mashine ya wanaoanza si ya kuonea haya. Itumie mpaka mkono wako uzoee. Osha kabla ya kung'arisha, jaribu mahali padogo kwanza, kingo uziheshimu. Hayo ni ya kazi, hata mwingine angekufundisha. Langu ni hili: utaunguza siku moja, maana kila fundi huunguza. Ukiunguza, zima mashine, mwite mwenye gari, mwonyeshe kwa kidole chako mwenyewe kabla jua halijamwonyesha. Atakasirika. Mwache akasirike. Hasira ya leo ina dawa.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa, watu wakuachie mali zao na walale usingizi, nawe uzeeke bila jambo la kukuchosha kulisimulia.