Moto wa Kuomba

Mtoto wetu wa mwisho alipoolewa, nyumba yetu ya Makanyagio ilianza kunichosha. Si kwa kazi, maana kazi ilipungua. Ilinichosha kwa vyumba. Kila asubuhi nilifagia vyumba ambavyo hakuna aliyelala ndani yake, na jioni nikasonga ugali wa watu wengi kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo kingine. Mume wangu alikula, na asubuhi akamalizia kiporo na chai bila kulalamika. Kwa kiporo huyu mwanamume hana mpinzani, namshukuru Mungu.

Alikuwa dereva wa malori. Tabora, Kigoma, Sumbawanga, kote huko alipita, na masikio yake yalishiba injini. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu duniani: ukimya. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshonea barazani tangu watoto wakiwa wadogo, na ninachotaka mimi ni watu. Mtu akipita bila kunisalimia naona kama kanikosea adabu. Tulipokuwa na watoto tofauti hiyo haikuonekana, kwa sababu watoto walipiga kelele kwa niaba yangu na yeye alikuwa safarini.

Kisha nyuma ya nyumba yetu pakafunguliwa baa. Muziki wake ulikuwa unatikisa vikombe kabatini. Mimi niliuzoea, hata nikajua nyimbo zenyewe, lakini mzee wangu alikuwa anashindwa kulala, na kule zahanati walimwambia presha yake imepanda, apunguze chumvi na alale vizuri. Chumvi ningeweza kumpunguzia. Usingizi ulikuwa mikononi mwa mwenye baa.

Kwa hiyo tulitakiwa kuhama. Watoto wakafungua kundi kwenye simu la kutujadili, wakatuingiza na sisi wenyewe humo humo, tukawa tunasoma jinsi wanavyotupanga. Wa kwanza, aliyeko Mwanza, alisema tukakae kwake. Niliwahi kwenda kwake kusalimia. Alinitunza vizuri mno, lakini siku nzima nilikaa mbele ya televisheni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nikamjibu, "Asante mwanangu, tutakuja Krismasi."

Mzee naye alikuwa na jibu lake la siku nyingi. Tuna shamba Kakese, udongo mzuri, mahindi na karanga vinakubali. "Tujenge vyumba viwili huko," akasema. "Tufuge kuku. Tulale."

"Nani atanisikia huko nikiita?" nikamuuliza.

"Mimi nitakusikia."

"Na usipokuwepo?"

Alichukua redio yake ndogo akaenda kukaa uani. Baada ya siku kadhaa akanitolea uamuzi wake kama anayetaja ratiba ya safari: yeye angetangulia Kakese peke yake, mimi nibaki na cherehani yangu mjini, na Jumamosi niwe nakwenda. Alidhani ananifurahisha. Mimi nilikasirika mpaka nikakata kitambaa cha mteja vibaya. Nilimsubiri mwanamume huyu nusu ya maisha yangu, lori likiharibika huku, daraja likikatika kule, nami nikizaa na kulea huku nikisikiliza barabara. Sasa barabara imemrudisha, halafu anisubirishe tena uzeeni? Niliogopa kwa kweli. Sikuogopa kuhama. Niliogopa kumpoteza mtu aliye hai.

Ndipo nikakumbuka tabia ya mama yangu. Sisi ni Wakonongo, na wazazi wangu walihama mara nyingi wakifuata mashamba. Kabla mama hajakubali mahali, alimwacha baba akipima udongo kwa jembe lake, yeye akachukua kigae akaenda kwa jirani wa karibu kuomba moto. Alirudi na makaa kwenye kigae. Alipofika yakiwa bado mekundu, alitua mzigo. Yakiwa yamezimika, alimwambia baba tuendelee mbele, na baba alinung'unika lakini alibeba. Nilikuwa nadhani mama anatafuta moto tu.

Nikamwambia mzee, "Nitakwenda popote utakapo, ila kwanza nikaombe moto."

"Kiberiti kipo," akasema.

"Najua kipo."

Akacheka, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu baa ifunguliwe. Akakubali kwa sharti kwamba tuanze na Kakese. Basi tukafunga jiko la mkaa kwenye pikipiki yake, mimi nikapanda nyuma na birika mapajani na kipande cha bati cha kubebea makaa. Watu wa Makanyagio walituuliza tunahamia wapi na jiko moja. Nikawaambia tunakwenda kunywa chai.

Kakese ilikuwa nzuri siku ile, sitaisema vibaya. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, upepo unapita katikati yake, na mzee alisimama shambani kwake bila kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Nikamwacha hapo nikaenda kutafuta jirani. Nilitembea, nikapita shamba la watu, nikapita jingine, nikavuka kijito, nikaikuta nyumba. Mama wa pale alinipokea vizuri, akanijazia makaa kwenye bati, akanipa na mihogo. Nikarudi nikiyapuliza njia nzima. Nilipofika, kwenye bati palikuwa na majivu na kaa moja jeusi linalotoa moshi kidogo.

Mzee akaligeuzageuza kwa kijiti. "Umetembea polepole," akasema.

"Nimekimbia," nikamwambia, na jasho lilikuwa linanitoka kweli.

Tukawasha jiko kwa kiberiti chake, tukanywa chai, tukatafuna mihogo. Kisha tukarudi Makanyagio. Usiku ule muziki wa baa ulikuwa wangu peke yangu, kwa sababu yeye alikwenda kulala chumba cha watoto. Nikajua nimeshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha yoyote.

Wiki zikapita. Mzee alikuwa anatoka na pikipiki mchana, nami simuulizi, nikidhani anakwenda Kakese kukaa na ukimya wake. Halafu siku moja, bila utangulizi, akaniambia nifunge birika. Kuna kiwanja Ilembo, akasema, kuna mtu kamwambia. Tukaenda. Niliona kwamba hakumuuliza mtu njia, na huko Ilembo njia zinapita katikati ya nyumba na mashamba, mara choroko, mara ukuta wa mtu, mara mbuzi. Nikajisemea moyoni kwamba dereva ni dereva.

Kiwanja kilikuwa cha kawaida tu. Miembe michanga miwili, nyasi, na ua wa minyaa mpakani. Upande wa pili wa minyaa palikuwa na zizi na nyumba ndefu ya Wasukuma, watu waliokuja zamani kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Nikachukua bati langu nikazunguka minyaa. Nilimkuta bibi mmoja ameketi kwenye kigoda anapepeta mtama. Nikataka kumheshimu kwa lugha yake, nikatoa kile nilichokijua: "Mwangaluka!"

Bibi akaacha ungo. Akalitazama jua, ambalo lilikuwa limeshaanza kushuka, akanitazama mimi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Hiyo ya asubuhi, mwanangu. Saa hizi tunasema mwadila. Au ndiyo kwanza umeamka?"

Nikacheka na mimi. Nikamwambia naomba moto. Hakuniuliza kwa nini mtu mwenye pikipiki hana kiberiti. Aliingia jikoni, akachagua makaa makubwa ya gogo gumu, akayapanga kwenye bati langu, akayafunika na jivu ili yasichoke. Juu ya hayo akanipa bakuli la maziwa mgando. "Wahi, Mama Fulani," akasema, "chai isichelewe."

Sikuandika Fulani kwa kusahau. Alisema jina la mwanangu wa kwanza, huyu wa Mwanza, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi. Nimeitwa kwa jina hilo tangu nikiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, mpaka la kwangu la kuzaliwa likaishia kwenye kadi ya kliniki. Kwa hiyo nilipoitwa niliitika, "Abee, asante bibi," nikaondoka. Nilizunguka minyaa, nikamfikia mzee, nikapuliza jivu. Makaa yalikuwa mekundu kama yalivyotoka.

Mzee akayatazama. Kisha akayaweka jikoni mwenyewe, moja moja, kwa vidole vyake vya udereva visivyosikia joto.

Tulikuwa tumeshafika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo nikashtuka. Yule bibi alilijuaje jina la mwanangu?

Kesho yake nilipanda bodaboda nikarudisha bakuli. Bakuli la watu halirudi tupu, nikatia sukari ndani. Safari hii nilisema mwadila vizuri kabisa, na ilikuwa asubuhi, kwa hiyo bibi akacheka upya. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamuuliza.

"Si mzee wako?" akasema. "Huyu wa pikipiki. Anakuja hapa siku nyingi, anakaa hapo hapo ulipokaa. Hata kahawa anakunywa hapa."

"Anafuata nini?"

Bibi aliendelea kupepeta kidogo. Nadhani alikuwa anapima kama ni siri. "Siku ya kwanza alisema, mimi ni mgonjwa wa presha, nina mke, mke wangu ni Mama Fulani, anapenda watu. Akasema, mimi nikitangulia atabaki peke yake hapo. Akatuuliza, nyie mtamsikia akiita? Tukamwambia tutamsikia, kwa nini tusimsikie? Hakuridhika. Akatoka akaenda mpaka pale kwenye miembe, akaita."

"Akaita nini?"

"Akaita 'jirani!' Tukaitika. Akarudi akasema, sauti yangu ni ya mwanamume, yake ni ndogo. Akaenda tena, akaita kwa sauti nyembamba." Hapo bibi akashindwa, akaweka ungo chini akacheka, na wajukuu wake waliokuwa wanakamua wakacheka, maana wote walikuwa wameiona hiyo. "Tukaitika tena. Ndipo akaridhika."

Mimi sikucheka. Nililia kwenye mkeka wa watu, mbele ya mtama wao. Siku zote hizo nilidhani yuko Kakese anaagana nami polepole. Kumbe alikuwa amesimama kwenye nyasi Ilembo, mtu mzima mwenye mvi, anaigiza sauti yangu ili ajue kama kuna atakayeitika siku ambayo yeye hataweza.

Bibi aliniacha nilie. Baadaye nikamwambia, "Na mimi nikitangulia, bibi? Huyu hajui kusonga hata ugali."

"Huyo tutamlisha maziwa," akasema.

Nilimkuta mzee barazani Makanyagio amekalia kiti changu cha cherehani. Nilikuwa nimepanga njia nzima maneno mazuri ya kumwambia, na lililotoka mdomoni likawa, "Nani kakuambia ni wewe utakayetangulia?"

Akajua nimejua. Akakuna kidevu. "Mimi ndiye mwenye presha."

"Na sauti yangu siyo nyembamba hivyo."

"Ni nyembamba," akasema. Kisha akaniuliza kwa upole, "Moto si ulifika?"

Nikamwambia ulifika.

Tumejenga Ilembo vyumba viwili na baraza pana ya cherehani. Nyumba ya Makanyagio ina mpangaji, na bahati nzuri mpangaji mwenyewe anapenda muziki. Shamba la Kakese bado tunalilima, mzee huenda kuuchukua ukimya wake huko mchana na jioni anarudi nao nyumbani. Analala. Presha haijaondoka, lakini imetulia. Wateja wangu wa Makanyagio wananifuata kwa bodaboda wakilalamika ni mbali, na wakishakaa hawaondoki. Watoto walikuja Krismasi wakalala kwenye mikeka kila mahali, nikasonga ugali wa kipimo changu cha zamani, na ukaisha wote. Kiberiti ninacho, ila asubuhi nyingi bado nazunguka minyaa na bati langu. Ningekuwa na mama leo ningemwambia kwamba nimeelewa.

Juzi mzee alichelewa shambani. Jua lilikuwa linazama, simu yake ipo mezani, na mimi nikaanza kusikiliza barabara kama zamani. Nikasimama kati ya miembe, pale pale alipowahi kusimama yeye, nikaita jina la mwanangu wa kwanza na neno Baba mbele yake, kama ninavyomwita siku zote.

"Naam!" akaitikia kutoka njiani, anasukuma pikipiki iliyopata pancha.

Na nyuma ya minyaa, kabla hajamaliza, bibi naye alikuwa ameshaitika.